Kadi ya Harusi Huharibikia Kwenye Kisu

Desemba inapokaribia, Bomang'ombe, mji wa wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro, hubadilika sura. Mabasi kutoka Dar es Salaam hushusha watu waliorudi nyumbani "kuhesabiwa", kama Watanzania wenzao wanavyopenda kuwatania Wachaga. Barabara ya Sanya Juu hujaa magari, na zile za kupanda Machame na Masama hali kadhalika. Kila ukoo una jambo lake: huyu harusi, yule ubarikio wa mtoto, wale wa jirani ibada ya shukrani au kuweka msalaba kaburini kwa babu. Na kila jambo lina karatasi zake. Kadi ya mchango hutangulia kwa miezi kadhaa, kadi ya mwaliko hufuata, kisha ratiba ya ibada, bahasha za zawadi, hadi vijikaratasi vya majina ya meza ukumbini. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hupitia kwenye steshenari ndogondogo za mjini hapa, zenye printa moja au mbili, mashine ya laminesheni na kijana mmoja asiyelala.

Mgeni anayepokea kadi ya mwaliko huenda asiseme neno, lakini macho yake yanaona. Mstari wa dhahabu unaozunguka majina ya maharusi ni mnene upande mmoja na umemung'unywa upande wa pili. Kadi kumi zikipangwa pamoja, hakuna mbili zinazolingana. Mteja analaumu printa. Mwenye duka naye anailaumu hiyo hiyo printa, kisha anakwenda kukopa ili anunue nyingine ya kisasa zaidi. Mara nyingi wote wawili wanamwonea asiyehusika: kadi ilitoka nzuri kwenye printa, ikaharibikia kwenye kisu.

Hapo ndipo biashara ya uchapaji mdogo wa Kilimanjaro inapojipunja. Fedha huenda kwenye mashine ya kutia rangi, na kinachobaki ndicho kinachonunua mashine ya kukatia. Huchaguliwa iliyo rahisi kuliko zote, au ile iliyoandikwa kwenye boksi kwamba inakata karatasi nyingi kuliko zote kwa mkupuo. Idadi hiyo ya karatasi ndiyo jambo la mwisho ambalo mnunuzi angepaswa kuliangalia. Kinachotofautisha mkato safi na mkato wa kubahatisha ni kibanio kinachoishika karatasi, unyoofu wa ukingo wa nyuma, na jibu la swali ambalo karibu hakuna anayeliuliza dukani: kisu hiki kitanolewa wapi?

Mashine hiyo ya kukatia huitwa gilotini, na jina hilo lina historia ya damu. Ufaransa ilianza kutumia gilotini kukata vichwa vya watu mwaka 1792, na jina likatokana na daktari Joseph-Ignace Guillotin. Ile ya karatasi ilikuja nusu karne baadaye, mwaka 1844, pale Guillaume Massiquot wa Paris alipopata hataza ya mashine yake. Kabla ya hapo wajalidi walikibana kitabu na kukikwangua kingo kwa chombo kinachofanana na randa ya seremala, kurasa chache kila kinapopita. Katika miaka ya 1850 Karl Krause akaanza kuunda mashine za aina hiyo mjini Leipzig, mji uliokuwa kitovu cha vitabu nchini Ujerumani. Leipzig si jina geni wilayani Hai. Ndiko walikotoka wamisionari wa Kilutheri waliofika Machame mwaka 1893, na pamoja nao vikaja vitabu vya shule, vya nyimbo na vya katekisimo, vyote vikiwa na kingo zilizonyooka kwa sababu kuna mtu mahali fulani alizikata kwa uangalifu.

Wauzaji wa leo huviita vifaa vitatu tofauti kwa jina moja. Kuna ubao wenye mkono wa kisu pembeni, unaojulikana sana mashuleni. Huo hukata kama mkasi, kuanzia ncha moja kwenda nyingine, na karatasi zikizidi chache huanza kuteleza pembeni kufuata kisu. Kuna kikata cha gurudumu, chenye kijisu cha mviringo kinachopita juu ya reli. Hicho hukata karatasi chache sana, lakini kwa usahihi mkubwa. Duka linaloishi kwa picha za pasipoti na viza lingefanya vema kuwa nacho, hasa katika mji huu ulio jirani na uwanja wa ndege wa KIA. Picha ya viza ya Marekani inatakiwa iwe mm 51 kwa mm 51, na ya nchi za Schengen mm 35 kwa mm 45, na hakuna ofisa wa ubalozi atakayesamehe milimita tatu. Gilotini yenyewe ni kifaa cha tatu: rundo la karatasi hulazwa bapa, kibanio hushuka kulikandamiza, ndipo kisu kirefu kinaposhuka na kupita rundo zima.

Tofauti iko kwenye neno hilo, kibanio. Kisu, hata kiwe kikali namna gani, kina unene. Kinapoingia kwenye rundo lenye kimo cha sentimita nne, hufanya kazi ya kabari: kinakata na papo hapo kinasukuma. Karatasi za juu zikishikwa kwa ulegevu huvutwa kabla hazijakatwa, na rundo linatoka na ukingo ulioinama. Ya juu kabisa haina urefu sawa na ya chini kabisa. Kwa kadi ya harusi tofauti ya milimita moja inaonekana kwa jicho. Kwa kitabu kidogo cha ratiba ya ibada inaonekana kwa kidole, kwa sababu kurasa zinapanda na kushuka kama ngazi.

Ndiyo maana mnunuzi mwenye busara hubeba rimu yake mwenyewe na rula ya chuma kwenda kununua mashine. Muuzaji akikataa jaribio, safari iishie hapo. Jaribio lenyewe halichukui dakika kumi. Rundo la karatasi 400 za gramu 80, ambalo ni kama sentimita nne, likatwe mara moja. Ichukuliwe karatasi ya juu, ya katikati na ya chini, zilinganishwe. Kisha nusu ya rundo igeuzwe kifudifudi, ule ukingo uliokaa kwenye kizuizi cha nyuma ukiendelea kukaa hapo hapo, ilazwe juu ya nusu nyingine. Kama kizuizi kimekaa upande, kosa litajitokeza mara mbili ya ukubwa wake na hakuna atakayebisha. Njia nyingine ni kupima mishazari ya karatasi iliyokatwa. A4 kamili ya mm 210 kwa mm 297 ina mshazari wa karibu mm 364, na mishazari yote miwili lazima ifanane. Ikitofautiana, pembe si za mraba, na hakuna ustadi wa kijana wa dukani utakaorekebisha hilo kila asubuhi.

Kuhusu ile idadi iliyoandikwa kwenye boksi, iangaliwe kwa jicho la kazi halisi. Karatasi 400 ni za gramu 80, za kutolea kopi. Kadi ya gramu 300 ina unene wa mara tatu au zaidi, kwa hiyo mashine ile ile itameza kadi mia na kitu tu. Hata hizo ni heri zikatwe kwa mafungu mawili. Rundo la nusu kimo hukatwa kwa unyoofu zaidi, na kisu hudumu.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hushangaa wakiambiwa: A4 ya kiwandani yenyewe si kamilifu. Kiwango cha kimataifa cha ISO 216 kinaruhusu kila upande wa karatasi hiyo upungue au uzidi kwa mm 2. Rimu mbili za kampuni mbili, zote halali, zinaweza kutofautiana waziwazi. Duka likichanganya rimu hizo katika kazi moja, kisha likategemea kingo za kiwandani, limeshapotea kabla kisu hakijashuka. Kazi moja itumie karatasi ya aina moja, na ukingo ulioongoza karatasi kuingia kwenye printa ndio huo huo ukae kwenye kizuizi cha gilotini. Alama ndogo ya penseli ubavuni mwa rundo, kabla ya kuanza kukata, humwezesha mkataji kujua ukingo ni upi hata baada ya kugeuza mara sita.

Mpangilio wa mikato ndio ustadi wenyewe, na hapa ni vizuri kwenda taratibu. Chukua kadi za biashara za mm 90 kwa mm 55. Kumi zinaenea kwenye A4: mbili kwa upana, tano kwa urefu, zikiacha mm 15 kila ubavu na mm 11 juu na chini. Mkataji asiye na mafunzo huweka kizuizi kwenye 55 na kuanza kukata, kila mara akilaza ukingo alioukata punde kwenye kizuizi. Kizuizi kikikosewa kwa nusu milimita, kosa hilo huongezeka kwa kila mkato. Kufika kadi ya tano limekuwa milimita mbili na nusu, na jina la mtu limekatwa herufi.

Fundi hufanya vingine. Ukingo wa chini wa karatasi hukaa kwenye kizuizi mwanzo hadi mwisho, na namba ndiyo inayobadilika: 286, kisha 231, 176, 121, 66. Kila mkato umepimwa kutoka mahali pamoja, kwa hiyo kosa la mmoja halimgusi mwenzake. Inabaki kadi ya mwisho pamoja na pambizo lake la mm 11. Hapo hakuna kibanio kitakachoshika mm 11, kwa hiyo fungu hilo hugeuzwa, ukingo uliokatwa ukaenda kwenye kizuizi, namba ikawa 55, na kazi ikaisha. Mnunuzi aulize pia kipande kidogo kabisa ambacho mashine inaweza kukishika. Nyingi za ndogo hazishiki kitu kilicho chini ya sentimita tatu au nne, na habari hiyo kwa kawaida huwa imejificha kwenye ukurasa wa mwisho wa kijitabu cha maelezo.

Mchora kadi naye ana sehemu yake. Rangi ya pembeni ipitilize mstari wa kukatia kwa mm 3, na maandishi yakae mbali na mstari huo. Asipofanya hivyo, mkataji bora kuliko wote Kilimanjaro atamwachia uzi mweupe ukingoni.

Karatasi huhitaji kutayarishwa kabla ya kubanwa. Hupepewa ili hewa ipite katikati na zisigandane, kisha hugongwa-gongwa mezani pande mbili hadi ziwe ukuta mmoja. Hali ya hewa nayo ina neno. Bomang'ombe iko kwenye tambarare kavu yenye vumbi, ilhali kilomita chache juu, migombani, ukungu na unyevu havikauki wakati wa masika. Karatasi hunywa unyevu na kutanuka, tena hutanuka zaidi upande mmoja kuliko mwingine, kutegemea mwelekeo wa nyuzi zake. Rimu iliyokaa kwenye stoo ya usharika huko juu ipewe siku nzima ndani ya duka, ikiwa bado kwenye kifuniko chake, kabla ya kuchapwa na kukatwa.

Vitabu vya risiti vinataka tahadhari ya peke yake. Vyama vya msingi vya wakulima wa kahawa, shule na sharika bado huandika risiti kwa mkono kwenye karatasi zinazojinakili zenyewe. Karatasi hizo huandika kwa kukandamizwa, na kibanio cha gilotini hakijui tofauti kati ya kalamu na chuma. Kikishuka kwa nguvu zote, kinaacha mstari wa bluu kwenye nakala. Dawa yake ni kulaza kipande cha kadibodi ngumu juu ya rundo na kupunguza nguvu ya kibanio.

Hayo yote yanategemea kisu. Kisu cha gilotini hunolewa upande mmoja, kwa mwinamo wa nyuzi 20 hadi 24 kwa karatasi za kawaida, na lazima kiwe kimenyooka kwa urefu wake wote. Adui yake mkubwa ni pini ya stepla. Pini moja iliyosahaulika ndani ya rundo huacha pengo kwenye kisu, na kuanzia siku hiyo kila rundo litatoka na mchirizi mahali pale pale. Kadi zilizotiwa laminesheni nazo huondoa makali haraka, ni heri zipelekwe kwenye kikata cha gurudumu. Chini ya kisu kuna kijiti cha plastiki ambacho makali hutua juu yake. Kikichimbika, karatasi ya mwisho hukatika nusunusu, na watu hukimbilia kushusha kisu zaidi. Wakigeuze kijiti kwanza: kina pande nne na ncha mbili, kwa hiyo kinatoa sehemu mpya mara nane kabla hakijatupwa. Kipande cha sabuni kavu au mshumaa kikipakwa juu yake, kisu hupita kwa wepesi.

Siku kisu kikibutuka, steshenari ya Bomang'ombe inafanya nini? Mara nyingi humwita mnoaji wa baiskeli, yule anayepita akinoa mapanga na visu vya jikoni. Ni fundi wa kuheshimiwa kwa kazi yake, lakini hii si yake. Jiwe linalozunguka bila maji hukichoma chuma, na sehemu iliyogeuka bluu imepoteza ugumu wake. Mkono wa mtu, hata uwe thabiti vipi, hauwezi kunyoosha ukingo wa sentimita 45 kwa kiwango ambacho karatasi inakidai. Kisu kikirudi dukani kina mawimbi, mashine inatangazwa kuwa mbovu, na inaishia uani chini ya turubai huku mikopo yake ikiendelea kulipwa.

Hilo linauma zaidi kwa sababu linatokea Hai. Ndani ya wilaya hii kuna kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools, kilicho chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, kiwanda kilichojengwa mahususi kwa ajili ya kuunda mashine za karakana. Moshi mjini kuna chuo cha VETA kinachofundisha vijana ufundi. Kunoa kisu cha gilotini kunahitaji mashine ya kusaga chuma bapa, maji ya kupoza na mtu anayejua kupima. Huo ni ujuzi wa kawaida kabisa katika dunia ya karakana. Mkoa wenye mahitaji haya na rasilimali hizi unapaswa kuwa na huduma inayojulikana, yenye bei iliyobandikwa ukutani, ambako mwenye steshenari wa Bomang'ombe, Sanya Juu au Himo anapeleka kisu Jumatatu na kukichukua Ijumaa. Gharama ya kunoa ni ndogo mno ikilinganishwa na mashine mpya kutoka ng'ambo, na kijana mmoja aliyefundishwa kazi hiyo anaweza kuhudumia wachapaji wa mkoa mzima, pamoja na maseremala wanaotafuta mtu wa kunoa visu vya randa za umeme.

Wenye maduka nao wasisubiri. Wakiungana watano au sita na kuahidi visu vyao vyote kwa karakana moja, karakana hiyo itakuwa na sababu ya kuwasikiliza. Umoja wa namna hiyo si mgeni kwenye mlima ambako wakulima wa kahawa walianzisha chama kikuu chao cha ushirika, KNCU, tangu mwaka 1933.

Mpaka hapo, kuna la usalama ambalo haliwezi kuachwa. Kisu hiki hakijeruhi kama kisu cha jikoni, kinaondoa. Mashine nzuri ya umeme hudai mikono yote miwili ibonyeze vitufe viwili ndipo kisu kishuke, na kitufe kimoja kikifungwa kwa gundi ili mkono mmoja uwe huru kushika karatasi, kinga hiyo imekufa. Ya mkono iwe na kifuniko cha mbele cha plastiki na kufuli la kushikilia mkono juu. Hatari kubwa ni wakati wa kubadilisha kisu: kitoke kikiwa kimefungwa kwenye ubao wake, na hakuna anayekipokea kwa mikono mitupu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, inamwajibisha mwajiri kwa haya, hata kama duka lake lina mfanyakazi mmoja. Mpwa aliyekuja likizo ya Desemba kusaidia dukani anahesabika pia.

Duka linaloanza leo, lenye fedha kidogo, halihitaji mashine ya umeme. Gilotini ya mkono yenye kibanio cha kukaza kwa gurudumu, kikata cha gurudumu kwa ajili ya picha na laminesheni, na visu viwili, kimoja kazini na kimoja kikiwa tayari kimenolewa na kuhifadhiwa kwenye ubao, vinatosha kwa kadi za mtaa mzima, na vitaendelea kufanya kazi hata umeme ukikatika. Kisu cha pili kipelekwe kunolewa mwezi Oktoba, kabla kamati za harusi hazijaanza kuleta oda zao.